Emil Fischer, Mjerumani aliyeonyesha kwa nini mihogo haitaki haraka

KIBATI – Katika Kibati, kwenye barabara ya taifa nambari 2 inayotoka Goma kuelekea Rutshuru, bugali ya unga wa mihogo ni chakula cha kila siku. Wamama wa hapa wanajua sheria mbili ambazo hawakuzisoma katika kitabu. Ya kwanza: mihogo michungu inaloweshwa siku tatu ao nne kabla ya kuanikwa na kusagwa. Ya pili: sombe inatwangwa kwanza, kisha ndipo inawekwa motoni. Sheria hizo ni za mababu. Lakini sababu yake ilianza kuonekana mwaka 1894 katika mji wa Berlin, Ujerumani, ndani ya maabara ya profesa mmoja aliyeitwa Emil Fischer.

Fischer hakuchunguza mihogo. Alichunguza sukari, chachu ya pombe na mbegu za lozi. Hata hivyo, jibu alilolipata ndilo linalofanya kazi ndani ya kinu cha sombe, na kulisahau kunaweza kumgharimu mtoto miguu yake.

Mtoto aliyeshindwa biashara

Emil Fischer alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1852 Euskirchen, mji mdogo karibu na Cologne. Baba yake, Laurenz Fischer, alikuwa mfanyabiashara mwenye mali. Emil alikuwa mtoto wake wa kiume pekee, na baba alitaka aingie katika biashara ya mbao ya familia. Kijana alimaliza shule ya sekondari mwaka 1869 akiwa na alama za juu sana, akajaribu biashara kwa muda, na hakuiweza. Fischer mwenyewe alisimulia baadaye katika kitabu cha maisha yake kwamba baba alikata tamaa, akaona kijana huyu hana akili ya kutosha kwa biashara, afadhali apelekwe kusoma.

Mwaka 1871 akaingia chuo kikuu cha Bonn, ambako alimsikiliza August Kekulé, mmoja wa wakubwa wa kemia wakati ule. Roho yake ilikuwa kwenye fizikia. Lakini binamu yake Otto Fischer alimvuta waende pamoja Strasbourg mwaka 1872, na huko akakutana na mwalimu aliyebadilisha njia yake, Adolf von Baeyer. Mwaka 1874 akapata udaktari, akiwa hajatimiza miaka 22.

Mwaka uliofuata, 1875, akatengeneza kitu kipya: maji ya rangi ya njano hafifu yanayoitwa fenilihidrazini. Kijana huyo hakujua bado kwamba ameshika kitu kitakachompa jina duniani, na kitakachomwondolea afya.

Sukari zilizofanana kama mapacha

Wakati ule sukari zilikuwa zinawasumbua wanakemia. Sukari nyingi haziweki fuwele vizuri. Ukizikausha zinabaki kama uji wa kunata. Tena zinafanana mno. Glukosi, sukari iliyo katika damu yetu, ina atomu 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Sukari nyingine kadhaa zina hesabu hiyo hiyo kabisa. Tofauti iko tu katika upande ambao vitawi vya molekuli vinaelekea, kama mkono wa kuume na wa kushoto: vidole ni vile vile, lakini kiatu cha mguu mmoja hakiingii vizuri mguu wa pili.

Fischer aligundua kwamba fenilihidrazini ikikutana na sukari inatengeneza fuwele safi za njano. Kwa fuwele hizo aliweza kutambua sukari moja na nyingine. Kwa hesabu ya nadharia, sukari za aina ya glukosi zinaweza kuwa 16. Mwaka 1890 alifaulu kutengeneza glukosi katika maabara akianzia kwenye gliserini, na mwaka 1891 akaeleza namna vitawi vyake vinavyopangwa. Yote hayo aliyafanya bila kifaa chochote cha kuona molekuli. Alitumia mizani, moto, chupa na kichwa chake.

Kazi ilimpandisha haraka. Aliitwa kuwa profesa Erlangen, kisha Würzburg mwaka 1885, na mwaka 1892 akachukua kiti kikubwa cha kemia Berlin. Kompani kubwa ya rangi na kemikali ya BASF ilikuwa imemtaka mwaka 1883 aongoze maabara yake. Alikataa. Baba yule yule aliyemwona hafai biashara alikuwa amempa mali ya kutosha asiuze elimu yake.

Lakini mwili ulilipa. Fenilihidrazini ni sumu. Kwa miaka mingi ilimletea ugonjwa wa ngozi na shida za tumbo, na zebaki aliyotumia maabarani ilikuwa imemdhuru vilevile. Mara kadhaa alilazimika kuacha kazi kwa miezi ili apumue hewa safi. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Gerlach, wakazaa watoto watatu wa kiume. Mwaka 1895, baada ya miaka saba tu ya ndoa, Agnes akafariki. Fischer hakuoa tena.

Kufuli na ufunguo

Tufike sasa kwenye mwaka 1894. Watu walijua tangu zamani kwamba katika viumbe kuna vitu vinavyoharakisha kazi: mate yanageuza wanga kuwa sukari, chachu inageuza sukari kuwa pombe. Mtu akitafuna bugali kwa muda mrefu bila kumeza, ataanza kusikia utamu. Ni mate yanafanya kazi hiyo. Vitu hivyo vinaitwa enzimu. Enzimu inashika kitu fulani, inakipasua ao inakiunganisha, kisha inakiachilia na kushika kingine. Yenyewe haimaliziki.

Swali lilikuwa hili: enzimu inajuaje kitu chake?

Fischer alichukua vitu viwili alivyovitengeneza kutokana na glukosi. Vilikuwa na atomu zile zile, zimeungana kwa mpango ule ule, isipokuwa kitawi kimoja kidogo kilielekea chini katika cha kwanza na juu katika cha pili. Akavipa enzimu mbili. Moja ilitoka katika chachu na wakati huo iliitwa invertini. Nyingine ilitoka katika lozi, mbegu za mti unaolimwa sana pande za bahari ya Mediterania, nayo iliitwa emulsini.

Matokeo yalikuwa wazi. Enzimu ya chachu ilipasua kitu cha kwanza na kuacha cha pili bila kukigusa. Enzimu ya lozi ilifanya kinyume: ikapasua cha pili, ikaacha cha kwanza. Kitawi kimoja kugeuka upande kulitosha kufunga mlango.

Hapo Fischer akaandika mfano unaofundishwa hata leo katika masomo ya biolojia kwenye shule zetu za sekondari: enzimu na kitu chake vinalingana kama kufuli na ufunguo. Umbo la mmoja likiwa halikubaliani na umbo la mwingine, hakuna kazi inayofanyika.

Nguvu ndogo zilizo nyingi

Umbo peke yake halitoshi kueleza yote. Ufunguo unaingia katika kufuli, lakini ni nini kinaushika ndani? Fischer hakuwa na jibu hilo. Lilikuja baada yake, kipande kwa kipande.

Leo tunajua kwamba enzimu karibu zote ni proteini, jambo ambalo lilianza kuthibitishwa mwaka 1926, pale Mmarekani James Sumner alipopata fuwele za enzimu. Mwaka 1965, kikundi cha David Phillips mjini London kilionyesha kwa mionzi ya X umbo kamili la enzimu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa enzimu iliyo katika machozi na katika utevu wa yai, na ndani yake kulionekana kibonde ambamo kitu chake kinalala.

Ndani ya kibonde hicho kunafanya kazi nguvu za namna nne. Ya kwanza ni mvuto wa umeme: sehemu yenye chaji chanya inavuta sehemu yenye chaji hasi. Ya pili ni kifungo cha haidrojeni, ambacho ndicho pia kinachofanya matone ya maji yashikane. Ya tatu ni mvuto mdogo sana uliopewa jina la Mholanzi van der Waals. Unatokea tu pale atomu zinapokaribiana kabisa. Ya nne inatokana na mafuta kukimbia maji. Angalia mawese juu ya mchuzi: matone yanatafutana na kuungana, kwa sababu maji yanayasukuma pembeni. Sehemu za enzimu zisizopenda maji zinakusanyika na sehemu kama hizo za kitu chake kwa njia hiyo hiyo.

Kila moja ya nguvu hizo ni dhaifu. Lakini zikiwa nyingi kwa pamoja, zinashika vema, kama zile mbegu za porini zinazonasa kwenye nguo: mwiba mmoja unatoka bila shida, ishirini zinakusimamisha njiani. Na hapa ndipo umbo linakuwa na maana. Nguvu hizi zinafanya kazi karibu sana tu. Kitawi kikielekea upande usio wake, atomu hazikaribiani, mvuto unapotea, na enzimu inakipita kitu hicho kama hakikijui.

Udhaifu huo nao una faida. Kama enzimu ingeshika kwa nguvu isiyoachilia, ingefanya kazi mara moja tu na kukwama. Inashika vya kutosha kukipinda na kukipasua kitu chake, kisha inakiacha. Ndiyo sababu mwaka 1958 Mmarekani Daniel Koshland alirekebisha mfano wa Fischer: enzimu si chuma kigumu kama kufuli, inajikunja kidogo kitu chake kinapoingia, kama glavu inavyokaa kwenye mkono.

Moto nao unaeleweka hapa. Umbo la enzimu yenyewe linashikwa na nguvu hizi hizi dhaifu. Ukiichemsha, inafunguka na kupoteza kibonde chake, kama utevu wa yai unavyogeuka mweupe na kutorudi tena. Enzimu iliyochemshwa haipasui kitu.

Kutoka lozi mpaka mihogo

Emulsini ya lozi, ile aliyoitumia Fischer, ina kazi yake katika lozi chungu. Mbegu hizo zina sukari iliyofungamana na sumu ya sianidi. Zikipondwa, enzimu inakutana na kitu hicho, inakipasua, na sumu inatoka.

Mihogo imejengwa kwa mpango wa aina hiyo. Ndani yake kuna linamarini, ambayo ni glukosi iliyoshikamana na kipande chenye sianidi, tena kwa upande ule ule ambao enzimu ya lozi ya Fischer iliukubali. Mihogo ina enzimu yake ya kupasua linamarini, inaitwa linamarasi. Lakini katika mmea mzima hivi viwili havikutani. Linamarini imewekwa ndani ya seli kama katika mfuko, na linamarasi iko kwenye ukuta wa seli. Mnyama akitafuna, mfuko unapasuka, ufunguo unaingia katika kufuli, na sumu inamfukuza. Ni ulinzi wa mmea.

Wamama wanapolowesha mihogo mpaka inalainika, ao wanapotwanga sombe, wanavunja seli hizo. Enzimu inakutana na linamarini na kuipasua kwa kutumia maji. Sianidi inayotoka ni nyepesi. Inachemka kwenye joto la karibu digrii 26 tu, kwa hiyo inaruka hewani ao inaenda na maji yanayomwagwa. Ndiyo sababu sombe inatwangwa kabla ya moto. Ukianza na moto, unaua enzimu kabla haijafanya kazi, na linamarini inabaki ndani ya chakula.

Sianidi inayobaki na kuingia mwilini inafanya ubaya kwa sheria hiyo hiyo ya Fischer. Inakwenda kukaa katika enzimu ambayo seli zetu zinatumia kupumua oksijeni, inaziba mahali pa kazi, kama kijiti kilichovunjikia ndani ya kufuli.

Ugonjwa wa haraka na njaa

Nchi yetu inaujua ugonjwa unaotokana na hayo. Unaitwa konzo. Daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, na jina lenyewe ni la Wayaka, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Unapiga kwa ghafula, zaidi watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Miguu yote miwili inakakamaa, na haiponi tena. Unatokea pale watu wanapokula mihogo michungu isiyotengenezwa vizuri kwa majuma mengi, bila chakula chenye proteini ya kutosha, maana mwili unahitaji proteini ili kuondoa sianidi. Katika miaka ya vita, watafiti waliukuta hata Kivu Kusini.

Kwa hiyo konzo ni ugonjwa wa watu waliosukumwa: ukame, njaa, vita, kukimbia. Kibati inajua kukimbia. Mwaka 2008 kulikuwa hapa kambi kubwa za wakimbizi wa ndani, kabla wengi hawajahamishiwa Mugunga, na tangu hapo barabara hii imeona misafara mingine mingi. Familia iliyo njiani haina siku nne za kulowesha. Tena hapa, chini ya Nyiragongo, ardhi ni mawe ya volkano yanayomeza mvua. Mito na chemchemi hakuna, maji ni ya kutega mvua ao ya kununua. Kulowesha gunia la mihogo katika Kibati ni gharama.

Kuna njia inayosaidia, na inategemea enzimu tu. Ilitolewa na mwanakemia wa Australia, Howard Bradbury, na imetumiwa na wamama wa Kwango. Unga wa mihogo unaoshukiwa unachanganywa na maji kidogo mpaka ulowe wote, unatandazwa mwembamba, usizidi sentimita moja, na kuachwa saa mbili juani ao saa tano kivulini. Kisha unapikwa bugali siku hiyo hiyo. Linamarasi iliyobaki ndani ya unga inaamka ikipata maji, inamaliza kazi yake, na sianidi inaruka. Sehemu kubwa ya sumu inaondoka. Shirika la afya duniani limeweka kipimo cha miligramu 10 za sianidi kwa kilo moja ya unga. Mahali penye baridi kama hapa kwetu enzimu inakwenda polepole, basi afadhali kuongeza muda kuliko kuupunguza. Na njia hii haichukui nafasi ya kulowesha mihogo. Inaongezwa juu yake. Kwenye sahani, maharagwe ao sambaza za ziwa Kivu zinaupa mwili proteini unayohitaji.

Mwisho wa profesa

Fischer alipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1902, mtu wa pili duniani kuipata, kwa kazi yake juu ya sukari na juu ya purini, familia ambamo kafeini ya kahawa inapatikana. Baadaye alijitia katika proteini, na mwaka 1907 aliunganisha asidi amino 18 mfululizo, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikia. Alisaidia kuanzisha taasisi mpya za utafiti Berlin, na wanafunzi wake walijaa katika vyuo vya dunia.

Kisha vita vya 1914 vikaja. Fischer aliiweka elimu yake katika utumishi wa taifa lake, na vita vikamlipa kwa kilio. Mtoto wake mmoja alijitoa uhai akiwa na miaka 25, akiwa katika mafunzo ya lazima ya jeshi. Mwingine alifariki akiwa katika kazi ya vita. Akabaki mmoja, Hermann, ambaye naye akawa mwanakemia na kumalizia kazi yake katika chuo kikuu cha California, Marekani. Baba mwenyewe alikuwa amechoka, mwili umeliwa na sumu za maabara na saratani. Alifariki Berlin tarehe 15 Julai 1919, akiwa na miaka 66.

Mfano wake wa kufuli na ufunguo haukufa. Penisilini tunayopewa hospitalini inafanya kazi kwa kukwama katika enzimu ambayo vijidudu vinatumia kujenga ukuta wao. Dawa nyingi zinatafutwa leo kwa njia hiyo: kujua kibonde cha enzimu, kisha kutengeneza ufunguo wa uongo wa kukiziba.

Katika jiko la Kibati, kazi ni ya kinyume: ufunguo upewe nafasi ya kuingia. Seli zivunjwe, maji yawepo, moto usitangulie, muda utoshe. Mama anayesubiri mihogo yake ilainike hapotezi wakati. Anaziachia nguvu ndogo ndogo zifanye kazi ambayo moto na haraka haviwezi kuifanya.